Mwenye Damu Nani?

Watu wa Mtipwili hawakuwahi kuwinda hata siku moja. Walikuwa wanakwenda kutembea. Ungemkuta Mzee Kondo alfajiri na mbwa wake nyuma, mkuki begani, ukimuuliza anaelekea wapi anakwambia anakwenda kunyoosha miguu. Mkuki wenyewe aliuita fimbo. Nyati aliitwa mjomba. Na jioni akirudi na paja la mjomba limefungwa kwenye gunia, alikuwa ameokota mboga njiani, Mungu ni mwema.

Stefano alipoyasikia maneno hayo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akakasirika. Yeye alikuwa mtu wa milimani, juu ya Kidodi, aliyeshushwa tambarare kwa lori la Operesheni Vijiji mwaka wa sabini na nne, yeye na mwanawe Simoni na godoro moja na mkuki wa marehemu baba yake uliozungushiwa kanga ya marehemu mkewe. Waliwekwa katika kijiji kile kipya kati ya Masanze na Mikumi, nyumba zimepangwa mistari, hifadhi iko karibu kiasi cha kusikia wanyama wakikohoa. Huko alikotoka, mwanamume akienda kuwinda alisema anakwenda kuwinda, na mwindaji alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Sasa hapa watu wazima na ndevu zao wanasema wameokota mboga.

Lakini tofauti kubwa haikuwa katika maneno ya kwenda. Ilikuwa pale mnyama anapoanguka. Milimani, mnyama akishaanguka hakuna wa kumgusa. Mkubwa wa msafara humkata mkia, akaushika mkononi, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote: mwenye damu nani? Yule aliyemchoma wa kwanza, hata kama waliommaliza ni wengine, husimama na kujitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, akakabidhiwa mkia. Tangu hapo aliyeuliza na aliyejibu wamefungana. Aliyeuliza hawezi kumtendea ubaya aliyejibu mpaka mvua nyingine zinyeshe. Swali huulizwa mara tatu, na likikosa jibu, mnyama huyo ni yatima. Mnyama yatima hulipiza kwa watoto. Mwenye damu akinyamaza hapati mtoto, na akimpata hakai.

Tambarare ukiuliza nani kaua, wote wanakujibu neno moja: mbuga yenyewe. Mkuki ulikuwa wa nani? Wa mbuga. Mbwa wa nani waliomkaba? Mbuga yenyewe. Mzee Kondo alimweleza Stefano jambo hilo kwa upole mwaka ule ule wa kwanza, wamekaa mbele ya duka la ushirika wakisubiri sukari ambayo haikuja.

"Mnyama hana mwenyewe, Stefano," alisema. "Siku akiwa na mwenyewe, mwenyewe atatafutwa."

Stefano akamjibu kwamba mtu anayeua na kukana ni mwizi tu, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lemomo, mfugaji aliyekuwa akipitisha maziwa, aliwasikia wakibishana akasimama kucheka. Kwao, alisema, mtu anayekula nyama ya porini ni yule ambaye ng'ombe wake wamekwisha, sasa hawa wawili wanagombania heshima gani? Wakamfukuza wote wawili, na kwa muda wakawa marafiki.

Simoni hakugombana na mtu. Alikuja Mtipwili ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, na kijana hujifunza nyumba mpya upesi kuliko mzee. Katika mwaka mmoja alikuwa anatembea na wenzake, anaokota mboga kama wao, na akiulizwa anasema mbuga yenyewe bila kuchekacheka. Baba yake alilisikia neno lile kinywani mwa mwanawe likamchoma. Simoni akamwoa Raheli, binti wa Masanze, na mwaka wa sabini na sita Raheli akawa mjamzito. Stefano, ambaye alikuwa amewazika watoto wawili milimani kabla ya Simoni, alianza kuwaza usiku na mchana juu ya mjukuu huyo. Hakuwa na kitu kingine cha kutazamia duniani, na alilisema hilo kwa kila mtu aliyekubali kusikiliza.

Mwaka huo huo, mahindi ya shamba la kijiji yakiwa yamebeba, nyati dume akatoka hifadhini. Alikuwa mzee aliyefukuzwa na kundi lake, mwenye hasira za kutosha kijiji kizima. Alilala ndani ya mahindi kana kwamba naye alihamishiwa Mtipwili. Mwenyekiti wa kijiji akatuma ujumbe kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori kule Mikumi, aje kumfukuza au kumpiga risasi. Jibu likaja kwamba gari halina mafuta. Akatuma tena, gari likawa halina gurudumu. Siku nyati alipowakimbiza wanawake waliokuwa wakipalilia na kumvunja Mwanasha, mke wa Mzee Kondo, mkono wa kulia, hakuna aliyetuma ujumbe tena. Wanaume waliamka mapema wakaenda kutembea.

Stefano goti lake lilikuwa limeshakufa, hakuweza kwenda. Alimpa Simoni mkuki wa babu yake, akamshika bega pale mlangoni.

"Ukichoma wa kwanza, ukaulizwa, jibu."

"Huku hakuna anayeuliza, baba," Simoni akasema, akatabasamu, akawafuata wenzake.

Na kweli alichoma wa kwanza. Mkuki ulimwingia nyati nyuma ya bega, mnyama akazunguka nao ndani ya mahindi, wengine wakamrukia na mbwa wakamning'inia. Kabla hajakata roho Mzee Kondo akafika na kisu, akasema bismillahi, akamchinja ili kila nyumba iweze kula. Hakuna aliyekata mkia, hakuna aliyeuliza kitu. Wakamleta vipande vipande mpaka uwanja wa ofisi ya kijiji, wakatandika majani ya migomba, wakaanza kugawa kwa nyumba, na mafungu mazuri wakamwekea Mwanasha wa mkono uliovunjika. Stefano alikaa kwenye kigoda akitazama. Vijana walimnong'oneza kwamba mkuki wa kwanza ulikuwa wa mwanawe. Kifua kilimjaa. Alitazama huku na huku kama kuna mtu atakayesema kwa sauti. Hakuna aliyesema. Watu waligombania utumbo.

Hapo ndipo Land Rover ilipoingia. Gari lililokosa mafuta kwa ajili ya mahindi lilipata mafuta kwa ajili ya nyama.

Bwana nyama aliitwa Cleopa. Alikuwa mgeni katika kituo chake, kijana bado, suruali ya kaki imepigwa pasi, na askari mmoja nyuma yake. Alikwisha kuja Mtipwili mara mbili kabla ya siku hiyo akaondoka mikono mitupu, na wakubwa wake walikuwa wameanza kumuuliza kama anakwenda kazini au anakwenda kuchuma maua. Alisimama juu ya kichwa cha nyati akawaambia ndugu wananchi kwamba hii ni nyara ya serikali, na aliyeiua bila kibali ni jangili, na anamtaka.

Maneno mazito hayo. Kijiji kilijibu kama kawaida. Mwenyekiti alisema hajui, labda mbuga. Mzee Kondo, kisu bado kina damu mkononi, alisema mbuga yenyewe. Vijana mmoja mmoja, mbuga yenyewe. Simoni alipoulizwa alitazama juu ya bega la Cleopa akasema mbuga yenyewe, laini kabisa. Mwanasha akaulizwa, naye akaonyesha mkono wake uliofungwa kwa vijiti akasema aliyemvunja ni nyati na aliyemuua nyati ni mbuga, basi wamelipana. Watu wakacheka chinichini. Askari akafunga mlango wa gari wa nyuma. Ilikuwa imekwisha. Cleopa angeondoka kama alivyoondoka zamani, na hadithi yetu ingekuwa fupi na watu wangekula.

Lakini Cleopa alipogeuka alimwona mzee aliyekaa kigodani peke yake, akamwamkia kwa adabu. Shikamoo yake ilikuwa na mkokoto wa milimani. Stefano aliutambua kabla haijaisha.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na bila kujua akaendelea kwa lugha ya kwao.

Cleopa naye akamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Walitajiana mito. Kumbe Cleopa alizaliwa ng'ambo ya bonde, mlima unaotazamana na ule wa kina Stefano. Kumbe babu yake Cleopa na baba yake Stefano waliwahi kuwinda msafara mmoja. Mzee alifurahi, tena furaha ya kutia huruma. Miaka miwili hajasikia lugha yake ila kwa mwanawe, ambaye siku hizi aliijibu kwa Kiswahili. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Stefano aliamini hivyo. Hakukumbuka kwamba zimwi lililosomea kazi hula na mifupa. Mzee Kondo alisogea akamgusa mgongoni. Stefano akadhani anapongezwa.

Cleopa alimsikiliza mzee mpaka mwisho. Halafu akaacha kuzungumza. Akaenda kwenye mzoga, akavua kofia ya serikali akaiweka chini, akachomoa kisu, akakata mkia. Akaushika mkononi kama unavyoshikwa milimani, manyoya yakitazama chini. Akasimama mbele ya watu wote, akauliza kwa lugha ya milimani, kwa sauti ile ya msafara.

"Mwenye damu nani?"

Watu uwanjani hawakuelewa. Wawili tu ndio walioelewa. Simoni alimtazama baba yake akatikisa kichwa, kidogo sana. Stefano aliona.

Tumsemee haki yake. Aliogopa. Alimwona Raheli amesimama na tumbo lake karibu na bomba la maji, akawakumbuka wale wawili aliowazika, akaona mnyama yatima akiingia nyumbani mwake. Hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba alikuwa amengoja swali lile tangu asubuhi, tangu miaka miwili iliyopita. Hatimaye mtu ameuliza. Mtu amesimama katika kijiji hiki cha waokota mboga, ameshika mkia inavyotakiwa, ameuliza, na mwenye kujibu ni damu yake yeye. Hofu peke yake pengine angeimeza. Fahari ndiyo iliyomshinda.

Cleopa akauliza mara ya pili. Simoni akainamisha macho.

Na ile sheria nyingine Stefano aliishikilia kama mtu anayeshika mti mtoni: aliyeuliza hawezi kumtendea ubaya aliyejibu. Huyu ni mtoto wa milimani. Babu yake alikula nyama iliyowindwa na baba yangu. Amevua kofia ya serikali, ameiweka chini, si ameiweka chini?

Mara ya tatu Cleopa aliuliza polepole, akimtazama mzee na si mwingine.

Stefano akasimama, goti likalia. "Ni Simoni," akasema. "Mwana wa Stefano, mwana wa Lugome. Mwenye damu ni mwanangu."

Alisema kwa lugha ya kwao, lakini jina ni jina katika lugha zote. Uwanja mzima ulilisikia. Mzee Kondo alifumba macho.

Cleopa alitimiza desturi mpaka mwisho, kwa hilo lazima asifiwe. Alimwendea Simoni akamkabidhi mkia kwa mikono miwili. Simoni aliupokea, angefanya nini. Akiwa ameushika hivyo, Cleopa akaokota kofia yake akavaa, akamwambia askari kwa Kiswahili amfunge pingu na mkia asimnyang'anye, kwa kuwa ni kidhibiti.

Stefano hakuelewa mara moja. Alichechemea mpaka kwenye gari, akashika mlango. "Umeuliza, mwanangu," alisema. "Aliyeuliza hashiki. Wewe unajua."

"Najua, mzee," Cleopa akasema, na hakuwa na ukali wowote. "Nimeuliza kwa lugha yako. Sheria ni ya nchi nzima."

Baadaye ilisikika kutoka kwenye vilabu vya Mikumi kwamba bwana nyama huyo alikuwa na elimu yake. Kila alikopelekwa kazini alikaa na wazee kwanza, akanunua pombe, akauliza kwa heshima huku wanaitaje kuwinda, wanagawaje, nani anachukua moyo na nani anachukua ngozi. Wazee walimpenda. Walisema vijana wa siku hizi hawaulizi mila, huyu anauliza.

Simoni alihukumiwa Kilosa, miaka mitatu. Mahakamani aliulizwa kama ana la kusema akasema hana. Mkia ulikuwa mezani na karatasi imefungwa kwa uzi. Mwenyekiti wa kijiji alipanda basi kwenda kueleza habari ya mahindi na ya mkono wa Mwanasha, akaambiwa hayo si shauri lililoko mbele ya mahakama. Stefano alikaa benchi la nyuma. Mwanawe alipotolewa alipita karibu yake, mzee akainuka, na Simoni akampisha kama unavyompisha mtu usiyemjua mlangoni mwa zahanati.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, akaitwa Bibiana. Alikuwa na afya, analia mpaka nyumba ya tatu wanamsikia. Stefano alimpakata jioni ya kwanza, akamwambia Raheli kwa sauti ya kubembeleza kwamba ameona sasa, damu ilijibiwa ndiyo maana mtoto yupo. Raheli hakuwahi kumkosea adabu mkwewe. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake, akamfunga mgongoni.

"Watoto wote wa Mtipwili wapo, baba," alisema. "Na baba zao wapo nyumbani."

Stefano hakulisema tena jambo lile. Kijiji hakikumfukuza wala kumtukana. Mgao wake wa mahindi aliupata, na akiumwa waliletwa watu wa kumchotea maji. Ila akitokea dukani mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Hata kama ni kiangazi, waliongea habari za mvua. Alfajiri alisikia mbwa wakipita nyuma ya nyumba yake, na miguu ya watu wanaokwenda kutembea, na akatambua mwendo wa Mzee Kondo, ambaye zamani angegonga dirisha kumuaga. Halikugongwa tena. Mdomo huponza kichwa, husemwa. Wake uliponza kichwa cha mwingine, na hakuna methali iliyotungwa ya kumfariji mtu kwa hilo.

Simoni aliachiliwa kiangazi cha mwaka wa vita vya Uganda. Alifika na lori la miwa lililokuwa likirudi Kidodi kutoka gereji ya Morogoro. Dereva, mtu mnene mcheshi, alimhurumia njiani akamfikisha mpaka mlangoni. Simoni alikuwa amekonda, na kikohozi kimemjaa kifuani. Majirani walikuja. Raheli alichinja kuku wawili, Mwanasha akasonga ugali kwa mkono wake uliopona vibaya, mikeka ikatandikwa uani. Bibiana alimwogopa baba yake akajificha nyuma ya pipa.

Stefano alingoja zamu yake. Simoni aliwasalimu wazee wote kwa mpangilio, akafika kwake, akainama.

"Shikamoo."

Mzee alingoja neno linalofuata. Kwa Mzee Kondo Simoni alisema shikamoo mzee, kwa Mwanasha shikamoo mama. Kwake halikuja neno. Stefano akasema marahaba.

Wakala. Dereva alikuwa na maswali mengi kama walivyo madereva wote. Aliuliza chakula cha jela, kazi za jela, akapiga kofi paja kwa masikitiko. Halafu, akiwa na paja la kuku mkononi, mgeni wa watu, hajui lolote, akauliza, "Lakini kaka, katika kijiji kizima hiki nani alikutaja?"

Vidole vilisimama katika sahani. Mzee Kondo alianza kusema kitu kuhusu mvua.

"Mbuga yenyewe," Simoni akasema. Akamega ugali.

Wengine wakashusha pumzi. Lilikuwa jibu la heshima, jibu la Mtipwili. Limewakinga wengi, na sasa lilimkinga Stefano mbele ya mgeni. Angeweza kukaa ndani yake mpaka afe. Lakini Stefano aliona bora angetukanwa. Mtu aliyetajwa kwa ubaya bado ni baba wa mtu. Alishika ukuta akainuka, goti likilia, akasimama mbele ya sahani za watu.

"Mwenye damu ni mimi," alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. "Mimi Stefano, mwana wa Lugome. Nilimtaja mwanangu."

Milimani hapo mtu angejibu. Angekuwapo wa kumkabidhi kitu au wa kumtemea mate, lakini angejibu. Hapa watu walitazama ugali. Dereva alimwangalia mzee, akamwangalia Simoni, akapunguza sauti.

"Huyu nani?"

Simoni alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimtazama muda mrefu, hata wengine wakadhani machozi yatamtoka.

"Mzee mmoja wa milimani," alisema. "Tulihamishwa lori moja."

Stefano akaketi. Raheli akamnawisha mikono, akampakulia ugali na kipande cha kuku, akamwekea kwenye sahani ya wageni.